Mkanda wa feni wa Beetle: usitupe washa

Kwenye magari mengi ya zamani, mkanda ukilegea unafungua bolti ya jenereta, unaivuta kwa nondo, unakaza. Volkswagen Beetle haiko hivyo. Jenereta yake haisogei. Kinachobadilika ni puli ya jenereta: ina vipande viwili, na katikati yake zimepangwa washa, yaani pete bapa nyembamba za chuma. Ukitoa washa moja vipande vinakaribiana, mkanda unapanda juu na kukaza. Ukiongeza, unazama na kulegea.

Mkanda huo ndio unaozungusha feni, na injini hii haina maji wala rejeta. Inategemea upepo wa feni. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji inawaka. Zima gari papo hapo, hata kama nyumbani ni hapo mbele tu.

Kupima, injini ikiwa imezimwa na imepoa, bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ubonyee kama milimita 15. Ukizidi hapo mkanda utateleza na injini itachemka; ukikakamaa, utaua beringi za jenereta.

Ukitaka kufungua nati, chomeka bisibisi nene kwenye kikato cha kipande cha ndani cha puli, iegemee bolti ya juu ya jenereta ili puli isizunguke. Spana ni 21, saizi ileile ya plagi. Toa washa moja, rudisha kipande cha nje, kisha washa uliyoitoa ivishe hapo nje, chini ya nati. Usiitie mfukoni!

Niliwahi kuletewa Beetle yenye mkanda mpya uliokaza kama uzi wa gitaa. Katikati ya puli nikakuta washa moja. Mkanda wa zamani ulipokuwa ukivutika, mtu alizitoa moja moja akazitupa, na mkanda mpya, ambao ni mfupi, ulizihitaji zote zirudi. Nilizipata kwenye jenereta mbovu nyuma ya gereji, nikashukuru kwamba hatukuiuza chuma chakavu.

Unapokaza nati, zungusha injini kwa mkono kidogo kidogo, mkanda usibanwe katikati ya vipande. Ukiwa mpya, upime tena baada ya kilomita mia kadhaa, maana huvutika. Washa za katikati zikiisha na bado umelegea, huo umechoka, nunua mwingine. Wangu wa akiba unakaa kwenye buti, kule mbele, umefungwa pamoja na spana 21 na bisibisi.