Barry alisimama, Emmitt alisubiri

Mpwa wangu yuko Nakuru, na raga anaijua kunishinda. Wiki iliyopita alinitumia kipande cha video kwenye WhatsApp, Barry Sanders ndani ya jezi ya buluu ya Detroit Lions, na chini yake swali: "Anko, huyu mbona anakimbia kurudi nyuma na bado mnamsifu?" Nafundisha wabeba mpira wa futiboli ya Kimarekani katika shule ya sekondari hapa Texas, kwa hiyo swali kama hilo silijibu kwa mistari miwili. Na huku Texas ukimtaja Sanders, kabla hujameza mate mtu ameshakutajia Emmitt Smith wa Dallas Cowboys.

Wana haki ya kumtaja. Kuanzia 1990 hadi 1997, misimu minane mfululizo, bingwa wa yadi za kukimbia, yaani aliyesogeza mpira mbali kuliko wote kwa kukimbia nao msimu mzima, katika NFL, ligi kuu ya mchezo huu, alikuwa mmoja wa hao wawili: Sanders mara nne, Smith mara nne. Kwa umbo hawakupishana sana. Sanders alikuwa na kama sentimita 173, Smith 175, na wote walikuwa chini ya kilo 100. Hata umri hawakupishana mwaka mzima. Ila ukiwatazama wakikimbia utadhani kila mmoja anacheza mchezo wake.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: timu hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Mbeba mpira hukabidhiwa mpira akiwa yadi kadhaa nyuma ya ukuta wa wenzake, majitu yanayosukumana na wapinzani ili mwanya ufunguke. Mwanya wenyewe hufunguka na kufumba papo hapo. Mbio za mita 100 hazikusaidii kitu pale. Mimi humpima mkimbiaji kwa anachofanya tangu mpira unapogusa tumbo lake hadi anapoufikia ukuta, basi.

Sasa mtazame Sanders miguuni. Wachezaji wengi wakitaka kupiga chenga huutupa uzito wote kwenye mguu mmoja wa nje, kisha hujisukuma kwenda upande wa pili. Ndivyo nilivyofundishwa nilipokuwa winga wa raga, na ndivyo beki anavyokusoma: akiona mguu wa nje umekanyaga, ameshajua unakoelekea. Sanders alitua kwa miguu yote miwili kwa pamoja, imeachana kidogo, magoti yamekunjwa, kiuno kimeshuka. Akiwa vile aliweza kwenda kushoto, kulia au mbele, na beki hakuwa na cha kusoma. Punguza mwendo wa video uone jambo jingine: katikati ya chenga mbili kuna nukta ambapo mtu huyu amesimama kabisa. Beki anayemjia kwa kasi hawezi kufunga breki pamoja naye. Wengi waliomkosa Sanders walimpita wenyewe, mikono imekumbatia hewa.

Halafu lile la kurudi nyuma. Katika miaka yake ya mwanzo Detroit walipenda kupanga wapokeaji wanne, wadakaji wa pasi, waliotawanyika uwanjani, bila fulbeki, ambaye huku ni mzuiaji wa kumtangulia mbeba mpira. Sanders alibaki peke yake nyuma, na mtu wa kwanza kupenya ukutani alikuwa wake. Kwa hiyo chenga yake ya kwanza mara nyingi aliipiga kabla hata hajavuka mstari ambapo mpira ulianzia, na wakati mwingine alilazimika kurudi yadi tatu ili apate nafasi ya kuzunguka. Watu husema hakuwa na ukuta. Mimi silikubali hilo. Lomas Brown na Kevin Glover hawakuwa wazuiaji wa kubeza. Shida ni kwamba mzuiaji hakujua mtu wake anatokea upande gani.

Gharama yake ilionekana Desemba 31, 1994, katika mchujo kule Green Bay. Sanders alipewa mpira mara 13 na jumla ya yote ikawa hasi yadi moja. Lions wakafungwa 16 kwa 12. Na huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa yadi msimu uleule, yadi 1,883! Kumpa Sanders mpira kulifanana na kuvua bahari kuu: unarudi na nyavu tupu, unarudi tena na nyavu tupu, kisha siku moja chombo kinaelemewa na jodari. Oktoba 12, 1997 huko Tampa alifunga kwa mbio za yadi 80, na kabla mechi haijaisha akafunga tena kwa yadi 82.

Smith mtazame macho, ingawa kofia inayaficha. Utayajua kwa mabega yake.

Cowboys walikuwa na mchezo mmoja waliourudia mpaka ukawa kama saini yao. Kwotabeki Troy Aikman, mrusha pasi wao, anarudi nyuma kama anayetaka kurusha, mabeki wanahangaika na wapokeaji, kisha mpira anaachiwa Smith, na mbele ya Smith ametangulia fulbeki Daryl Johnston. Mpenzi wa mpira anayeona haya kwa mara ya kwanza husema Smith ni mvivu, kwa sababu hatua zake za mwanzo ni fupi na hana haraka. Kumbe anamwelekeza beki. Kama anataka kupita kushoto kwa Johnston, anaelekea kulia, mabega na kila kitu, mpaka beki aamini na kuhamia kulia. Beki akishahamia, Johnston hana haja ya kumsukuma. Anatosha kuwa kizuizi katikati yao. Hapo Smith anakata mara moja tu, kushoto, na anakwenda. Wazuiaji wa Dallas walikuwa hodari kweli, lakini yeye aliwafanya waonekane hodari zaidi.

Wanaosema yeyote angekimbia nyuma ya ukuta ule wakumbuke mwanzo wa msimu wa 1993. Smith alikuwa anagombania mkataba, hakucheza mechi mbili za kwanza. Ukuta uleule, Johnston yuleyule, Aikman yuleyule, na Cowboys, mabingwa watetezi, wakapoteza zote mbili. Smith akarudi, na msimu ukaishia na ushindi mwingine wa Super Bowl, fainali ya ligi. Kabla ya fainali hiyo kuna Januari 2, 1994 dhidi ya New York Giants: bega lilitoka kipindi cha kwanza, akaendelea kubeba hadi kufikisha mara 32 na yadi 168, Dallas wakashinda 16 kwa 13 katika muda wa nyongeza. Mtu mwenye bega bovu hawezi kumudu mechi kama ile akigongwa kifua kwa kifua. Smith aligongwa ubavuni, kwenye ncha ya bega, kila mara akiwa ameinamia mbele.

Kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba Sanders asingefaa Dallas, kwamba asingemvumilia Johnston ampangie njia. Siku hizi sina uhakika huo. Mwaka 1997 Lions walikuwa na fulbeki, Tommy Vardell, na baada ya mechi mbili mbovu za mwanzo, yadi 33 na 20, Sanders alivuka yadi 100 katika mechi zote 14 zilizobaki na kumaliza na 2,053. Ule ndio mwaka wake mkubwa kuliko yote, na kwenye mikanda yake unamwona akisubiri. Smith nyuma ya wapokeaji wanne, peke yake? Naona angepata yadi zake tatu, tatu, tatu, na hakuna ambaye angehifadhi video zake.

Mwishoni Smith alimaliza na yadi 18,355 kwa misimu 15, wastani wa 4.2 kila alipobeba. Sanders alipata 15,269 kwa misimu 10, wastani wa 5.0, kisha Julai 1999 akatuma faksi kwa gazeti la nyumbani kwao Wichita kwamba ameacha.

Vijana wangu wote wanataka kuwa Sanders. Siwakatazi, ila mazoezini nawafundisha Smith, kwa sababu subira naweza kuifundisha kwa koni mbili na mtu mmoja wa kusimama mbele, na kile kiuno cha Sanders sijui mtu anakifundishaje.

Mpwa wangu nilimtumia kipande cha Smith. Akajibu baada ya dakika mbili: "Huyu naye anaangushwa tu, Anko." Nikamwambia arudie kutazama, mara hii ahesabu beki alimgusia wapi na yeye akaangukia wapi.