Hatua ya vilima isome kuanzia mwisho

Kila Julai vijana ninaowafunza baiskeli hapa Kisumu hunitumia mchoro wa njia ya siku hiyo ya Tour de France, mbio za baiskeli za Ufaransa, na swali moja: kocha, leo nani atashinda? Hatua, yaani mbio za siku moja, za milima mirefu hazinisumbui sana. Inayoniumiza kichwa, na ninayoipenda kuliko zote, ni ile ya vilima inayovusha msafara wa Tour de France kutoka milima ya Alps kwenda ile ya Pyrenees, au kinyume chake.

Chukua mji wa Mende, kusini mwa Ufaransa. Karibu na mwisho kuna mpando wa Croix Neuve, kilomita 3 tu, ila kila mita 100 unainuka takriban mita 10. Ukiona mchoro, jicho linakimbilia ukuta huo. Mimi natazama baada yake. Utepe wa kumalizia hauko kileleni. Uko kwenye kiwanja kidogo cha ndege, kilomita moja na nusu mbele, barabara ikiwa imelala.

Hali hiyo tunaijua kwa miguu yetu. Tunatoka Mamboleo, tunaupanda Riat kuelekea Kiboswa, matatu zikitupigia honi. Jumamosi iliyopita kijana mmoja alituacha wote, amesimama juu ya pedali mpaka kileleni. Kufika tu, akaketi, akachomoa chupa anywe, gia bado ile nyepesi ya mlimani. Miguu ikazunguka kama cherehani na baiskeli haiendi. Mwenzetu wa miaka arobaini na kitu, ambaye hakuinuka kitini hata mara moja, alimpita kabla hajarudisha chupa.

Kama mwenzetu huyo, ndivyo alivyofanya Mwingereza Steve Cummings pale Mende tarehe 18 Julai 2015. Wafaransa wawili, Thibaut Pinot na Romain Bardet, walikuwa mbele wakiviziana. Cummings, aliyepanda kwa kipimo chake, akaja na kasi kutoka nyuma akapita moja kwa moja. Timu yake, MTN-Qhubeka, ilikuwa ya Afrika Kusini, na siku ile ilikuwa Siku ya Mandela. Nikiikumbuka bado nasisimka.

Halafu najiuliza nani atawafukuza waliotoroka msafara. Mara nyingi hakuna. Wanaoachiwa waende huwa nyuma kwa dakika nyingi katika jumla ya muda, na timu ya mwenye jezi ya manjano, anayeongoza kwa jumla ya muda, haiwezi kujichosha kwa ajili yao huku milima mikubwa ikiingoja. Kwa hiyo siweki jina la bingwa wa milima. Namtafuta mwenye nguvu za kutimka mwishoni anayeweza kuvumilia mpando mfupi. Mwaka 2022, hapo hapo Mende, mtu huyo alikuwa Michael Matthews wa Australia. Alberto Bettiol alimwacha kwenye mpando ule ule, naye akarudi mita kwa mita, akampita karibu na kilele, akashinda. Pogačar na Vingegaard, waliokuwa wakigombea ushindi wa jumla, walifika zaidi ya dakika 12 baadaye.

Jumamosi tunarudi Riat. Maji mnywe Mamboleo, na gia mbadilishe kabla barabara haijalala.