Mche mrefu kuliko yote si lazima uwe ndio wenye nguvu

Wakulima wengi wa bustani hapa Dodoma, wanapochagua miche ya nyanya kitaluni, huanza na ile iliyorefuka kuliko mingine, wakiamini kwamba iliyotangulia kukua ndiyo itakayotangulia kuzaa. Imani hiyo huwagharimu. Mara nyingi mche hurefuka kwa kukosa mwanga, ama kwa sababu mbegu zilisiwa zikabanana, ama kwa kuwa kivuli cha nyasi kiliachwa muda mrefu mno, na hapo hutumia nguvu zake kulikimbilia jua badala ya kunenepesha shina na kutanua mizizi.

Ung'oe mmoja kwa uangalifu, uutazame kwa karibu. Mche dhaifu una shina jembamba lililopauka, nafasi kati ya jani na jani ni ndefu, na ukiuacha bila kuuegemeza hulala. Ule wenye nguvu una kimo cha wastani, yapata sentimita 10 hadi 15, shina lake linakaribia unene wa penseli, na mizizi yake ni myeupe yenye matawi mengi. Huo ndio utakaostahimili upepo na jua kali la huku kwetu.

Nyanya iliyorefuka bado huokolewa kwa kuipandikiza kwa kina, kwani shina lake lililofukiwa huota mizizi. Hata hivyo, ni heri kupunguza miche mapema, na kuondoa kivuli kidogo kidogo katika siku 7 hadi 10 za mwisho kitaluni.