Mawe ya Kubandika kwenye Kuta za Nje Mombasa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote, na ambayo imewatia hasara wenye nyumba wengi wa Mombasa, ni kwamba ukuta ukishavalishwa mawe basi umekingwa na mvua. Chanzo chake ni kuchanganya vitu viwili vinavyofanana kwa sura tu. Kuta za Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, pamoja na kuta za nyumba kongwe za Mji wa Kale, ni mawe ya matumbawe tangu nje hadi ndani, na unene wake unaziwezesha kunywa maji wakati wa masika na kuyatoa polepole jua linaporudi. Mawe ya kubandika, yawe ya asili kutoka Mazeras au Galana hapa pwani, au yale yanayotengenezwa kwa saruji na rangi, ni vazi jembamba la sentimita mbili hadi nne. Maji hupenya kwenye maungio yake na kwenye nyufa nyembamba mfano wa unywele, na jiwe lenyewe, hasa la asili ya mchanga kama la Mazeras, hunywa maji pia.

Ukweli, basi, ni kwamba maji yatafika nyuma ya mawe, na wajibu wa fundi ni kuyaandalia njia ya kutokea. Ukuta ulio nyuma ya mawe upakwe kizuia maji kabla ya jiwe la kwanza kubandikwa. Juu ya kila dirisha na mlango uwekwe ukanda wa bati lisiloshika kutu au wa plastiki ngumu utakaoyasukuma maji nje. Na mawe yakomee sentimita 10 juu ya udongo, au sentimita 5 juu ya sakafu ya nje. Hili la mwisho ndilo linalopuuzwa sana hapa kwetu, kwa kuwa watu hupenda kuona jiwe likizama ardhini kana kwamba limeota hapo. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya Nyali ambayo kwa nje ilipendeza mno, lakini ndani ya chumba cha kulala lipu ilikuwa imevimba na rangi ikibanduka kama maganda ya muhogo. Tulipoyabandua mawe matatu chini ya dirisha tulikuta migongo yake imelowa chapachapa, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa siku tisa. Juu ya dirisha hapakuwa na ukanda wowote, na chini mawe yalikuwa yamefukiwa ndani ya bustani ya maua iliyomwagiliwa kila jioni.

Dhana ya pili imetoka mbali. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, nayo husisitiza kwamba mawe yabandikwe majira ya machipuko, baada ya baridi kupungua. Huko ushauri huo ni sahihi kabisa: saruji hushika kwa shida joto likishuka chini ya nyuzi 5 hivi za Selsiasi, na maji yaliyomo ndani ya udongo wa saruji, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kubandikia, yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuuvunja kabla haujakomaa. Mombasa haina baridi ya namna hiyo hata usiku wa Julai. Anayeufuata ushauri huo kwa kuhesabu miezi atajikuta anabandika mawe Aprili na Mei, yaani katikati ya masika, wakati mvua inaosha udongo mbichi kwenye maungio na upepo wa kusi unaisukuma dhidi ya kuta zinazoelekea baharini.

Adui wetu ni mvua na jua, wala si baridi. Januari na Februari hakuna mvua ya kusumbua, lakini jua la kaskazi huunyonya udongo wa saruji maji yake kabla haujashika, ukabaki kama unga uliogandamana. Mimi huchagua Agosti na Septemba, joto linapokuwa limepungua na mvua kubwa zimepita. Anayelazimika kufanya kazi Januari na afuate kivuli: ukuta wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri. Ukuta na migongo ya mawe ilowanishwe kidogo kabla ya kubandika, kisha kazi inyunyiziwe maji kwa siku kadhaa. Lipu inayobeba mawe nayo inahitaji siku saba za kunyweshwa maji, na haifai kuikatisha eti kwa kuwa mawingu ya masika yameanza kuonekana.

Wengine huamini kwamba simiti ikizidi, jiwe halitaanguka kamwe. Mchanganyiko wenye simiti kupita kiasi hunywea unapokauka na kupasuka, na ufa huo ndio mlango wa maji. Kinachoshikilia jiwe ni udongo ulioenea mgongo mzima. Mtindo wa kuweka vidonge vitano, vinne pembeni na kimoja katikati, huacha mapango ambamo maji hukaa. Kulijua hilo si kazi ngumu: gonga jiwe kwa mpini wa mwiko, na likilia kama dafu tupu, libanduliwe siku hiyo hiyo. Jiwe la Mazeras lenye unene wa sentimita tatu huweza kufikisha kilo 70 kwa mita moja ya mraba, uzito unaokaribia sana kikomo cha kilo 73 ambacho kanuni za Marekani zimeuwekea ukuta wa mawe ya kubandika. Uzito kama huo hauwezi kuning'inia juu ya rangi. Rangi ya zamani ichongwe yote mpaka lipu au tofali lionekane.

Mchanga wa ufuoni, kwa kuwa upo karibu na ni wa bure, huonekana kuwa neema. Chumvi yake hutoka juu ya mawe kwa sura ya ukungu mweupe, na hula wavu wa chuma uliofichwa ndani ya lipu. Hata ukitumia mchanga wa mto, nyumba zinazotazama bahari hupokea chumvi kwa upepo kila siku, kwa hiyo wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu.

Weupe huo usisafishwe kwa tindikali, kwa maana tindikali hula saruji na matumbawe sawasawa; brashi kavu kwanza, kisha maji machache. Vanishi inayong'aa nayo huufungia unyevu ndani, hivyo ukitaka kinga chagua dawa inayoliacha jiwe lipumue.

Jambo linaloniuma zaidi ni imani kwamba nyumba kuukuu ya matumbawe itapata nguvu ikibandikwa mawe mapya kwa simiti. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa, na chokaa huruhusu unyevu kupanda na kutoka nje. Simiti huuziba, unyevu ukatafuta njia ya kutokea ndani ya vyumba, ukaozesha vichwa vya boriti na kuyafanya matumbawe yavunjike kama biskuti. Isitoshe, Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa, na uso wa nyumba hauguswi bila idhini. Mwenye nyumba ya aina hiyo, akishaipata idhini hiyo, na aondoe lipu yoyote ya simiti iliyokwisha kupigwa, apige lipu ya chokaa kwa tabaka nyembamba, kisha aifunike kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikaushwe na upepo wa bahari kabla ya wakati wake.