Saratani ya Mapafu: Jeni Zipo Sawa, Swichi Ndizo Zimeharibika

Dhana: Saratani ya mapafu ni jeni mbaya uliyorithi.
Si lazima, na mara nyingi sivyo kabisa. Seli ya pafu hubeba jeni zilezile zilizo katika seli ya ini au ya ngozi, takriban 20,000 za kutengeneza protini. Tofauti ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa, na hiyo ni kazi ya vidhibiti vya jeni. Chukua MYC, protini inayoshika DNA na kuwasha jeni za ukuaji. Katika seli yenye afya huitwa inapohitajika, kisha huvunjwa baada ya muda mfupi. Katika baadhi ya uvimbe, nakala za jeni ya MYC zimeongezeka, protini inazalishwa kupita kiasi, na seli haisikii tena amri ya kutulia. Jeni yenyewe huenda haina kosa hata la herufi moja. Wingi ndio maradhi. Ndugu yake, MYCL, alitambuliwa mwaka 1985 katika saratani ya mapafu ya seli ndogo, mojawapo ya aina za ugonjwa huu.

Dhana: Uvimbe hukua kwa sababu kuna kitu kinausukuma.
Nusu ya habari ni breki zilizokatika. p53, protini iliyogunduliwa mwaka 1979, huwasha jeni zinazosimamisha seli iliyoharibika DNA, au kuiamuru ife. Cha kuchekesha ni kwamba kwa miaka kumi hivi wanasayansi wenyewe waliidhania kuwa chanzo cha saratani. Walikuwa wamechunguza nakala iliyoharibika bila kujua. Katika saratani ya seli ndogo, p53 na mwenzake RB, protini nyingine ya breki, hupotea karibu kila mara. Moshi wa sigara huacha alama zake kwenye jeni ya p53, ingawa hata asiyewahi kuvuta anaweza kuugua.

Dhana: Kila kidhibiti ni ama rafiki ama adui.
Hapa ndipo wengi tunapokwama. NKX2-1, kidhibiti kingine, hulijenga pafu la mtoto tumboni na kuifanya seli ijue kwamba ni ya pafu. Katika adenokasinoma, aina nyingine ya saratani ya mapafu, baadhi ya uvimbe huizidisha na kuitegemea ili uishi. Katika uvimbe mwingine hupotea, na seli zinaposahau asili yake huwa kali zaidi na rahisi kusambaa. Protini ni ileile, madhara ni mawili. Ukiuliza "ni nzuri au mbaya?" umeuliza swali lisilo na jibu.

Dhana: Ukishaijua swichi, dawa ni kuizima tu.
MYC haina kishimo cha wazi ambamo molekuli ya dawa ingeweza kujipachika. KRAS, protini ambayo hupeleka ishara za ukuaji hadi kwa vidhibiti hivyo, ilisumbua watafiti kwa miongo kadhaa, hadi Marekani ilipoidhinisha dawa ya sotorasib mwaka 2021, tena kwa badiliko moja tu la jeni ya KRAS, liitwalo G12C. Njia ya kurudisha breki nayo imejaribiwa. Molekuli fupi ya RNA iitwayo let-7 hubana utengenezaji wa KRAS, na katika uvimbe mwingi wa mapafu imepungua. Ya jamii hiyo, miR-34, ilitengenezwa kuwa dawa na kupewa wagonjwa wa saratani mbalimbali. Jaribio likasimamishwa mwaka 2016 kwa sababu ya madhara makali ya kinga ya mwili.