Ofisi ya nyumbani na uchakavu wa nyumba: yanayosemwa na yaliyomo kwenye sheria ya kodi ya Marekani

Ukifika msimu wa kodi, makundi ya WhatsApp ya Waswahili tunaoishi Marekani hujaa ushauri. Mwingi unasaidia. Lakini likitajwa suala la ofisi ya nyumbani, na hasa uchakavu wa nyumba, kuna onyo linalorudiwa kuliko mengine yote: "Usiguse hicho kitu, utakuja kulia siku ya kuuza nyumba." Onyo hilo linawanyima pesa watu waliojiajiri wenye haki nayo kabisa: wakalimani wanaopokea simu za hospitali wakiwa chumbani, madereva wanaomiliki lori zao, akina mama wanaolea watoto nyumbani kwa leseni. Ndiyo maana nimeona nilifafanue, pamoja na mengine yanayofanana nalo.

Kwanza uchakavu wenyewe. Ukijiajiri na ukatumia sehemu ya nyumba yako kwa biashara, sheria inachukulia kwamba sehemu hiyo ya jengo inaisha thamani kidogo kidogo kwa miaka 39. Kipande cha kila mwaka unakitoa kwenye mapato ya biashara kabla ya kukokotoa kodi, kupitia Fomu 8829 inayoambatana na Schedule C, yaani fomu ya mapato na gharama za biashara ya aliyejiajiri. Ardhi haichakai, kwa hiyo thamani ya kiwanja huondolewa kwanza. Mpangaji hana uchakavu wa kudai kwa sababu nyumba si yake, ila anaweza kutoa sehemu ya pango analolipa.

"Nafanya kazi nyumbani, kwa hiyo nastahili"

Inategemea nani anakulipa na kwa namna gani. Mwajiriwa anayepokea W-2 (karatasi ya mshahara kutoka kwa mwajiri) hana punguzo hili kwenye kodi ya serikali kuu, hata kama hatoki nje wiki nzima. Lilisimamishwa kuanzia mwaka wa kodi wa 2018, na sheria ya mwaka 2025 ikaliondoa moja kwa moja. Mwenye kazi mbili, W-2 mchana na ukalimani wa 1099 (malipo ya kazi ya kujitegemea) jioni, anadai kwa ajili ya ile ya 1099 peke yake. Na kama una LLC (aina ya kampuni iliyosajiliwa) ya mtu mmoja inayoripoti kwenye Schedule C, unahesabiwa kuwa umejiajiri kama kawaida.

"Dereva wa lori hana ofisi, kazi yake iko barabarani"

Hili lina historia. Daktari wa nusu kaputi aitwaye Nader Soliman alifanya kazi katika hospitali tatu, na hakuna hata moja iliyompa ofisi. Hesabu, simu na kumbukumbu za wagonjwa alizishughulikia katika chumba cha nyumbani kwake. Alipodai punguzo, kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1993 akashindwa, kwa hoja kwamba kiini cha kazi yake kilikuwa hospitalini. Watu wengi bado wanaishi na hukumu ile. Lakini Bunge la Marekani lilibadilisha sheria mwaka 1997, na tangu mwaka wa kodi wa 1999 ofisi ya nyumbani inakubalika ikiwa unaitumia mara kwa mara kwa shughuli za uendeshaji wa biashara, kama kutoa ankara, kupanga safari na kutunza vitabu, na huna mahali pengine maalumu unapofanyia sehemu kubwa ya shughuli hizo. Dereva anayerudi nyumbani na kukaa kwenye meza yake na risiti za mafuta anaingia humo.

"Meza ya kulia chakula inatosha"

Haitoshi. Eneo lazima litumike kwa biashara tu. Si lazima liwe na ukuta wala mlango, kona inayotambulika inakubalika, ila watoto wakifanyia homework hapo jioni, umepoteza sifa. Wapo wawili wanaosamehewa sharti hilo: anayehifadhi bidhaa za biashara yake nyumbani, na anayelea watoto, wazee au watu wenye ulemavu kwa leseni.

Kwa mlezi wa watoto hesabu ni ya eneo na muda. Mwaka una saa 8,760. Kama nusu ya nyumba inatumika kwa malezi, saa 11 kwa siku kwa siku 250, hizo ni saa 2,750, yaani asilimia 31.4 ya mwaka. Nusu yake ni asilimia 15.7, na hiyo ndiyo sehemu ya gharama za nyumba, uchakavu ukiwemo, anayoweza kudai. Saa za kuandaa kabla watoto hawajafika na za kusafisha wakishaondoka nazo zinahesabika. Dada anayelea watoto aziandike kila siku, maana akija kukaguliwa daftari hilo ndilo litakalomtetea.

"Ukidai uchakavu, siku ya kuuza serikali inachukua nyumba nzima"

Hapa ndipo hofu ilipo, kwa hiyo tuende na tarakimu. Mkalimani amenunua nyumba kwa dola 320,000, ambamo kiwanja ni 60,000. Jengo ni 260,000. Nyumba ina futi za mraba 1,500, chumba cha kazi kina 150, sawa na asilimia 10. Msingi wa uchakavu ni dola 26,000. (Ikiwa siku alipoanza kukitumia chumba kwa biashara thamani ya soko ilikuwa chini ya alichonunulia, thamani hiyo ya chini ndiyo inayotumika.) Mwaka kamili kiwango ni asilimia 2.564, ambazo ni kama dola 667. Kama alianza Julai, mwaka wa kwanza ni asilimia 1.177, dola 306 tu.

Miaka inapita, uchakavu unafikia jumla ya dola 4,300. Anauza nyumba kwa 430,000. Tuziweke kando gharama za kuuza. Faida ya bei ni 110,000, na kwa kuwa uchakavu ulipunguza gharama yake vitabuni, faida inasomeka 114,300. Mtu aliyemiliki nyumba na kuishi humo angalau miaka miwili kati ya mitano iliyotangulia mauzo anasamehewa faida hadi dola 250,000, na wanandoa wanaojaza pamoja hadi 500,000. Chumba cha ofisi kikiwa ndani ya nyumba anayoishi, msamaha huo unafunika zile 110,000 zote. Kinachotozwa ni 4,300 za uchakavu peke yake, kwa kiwango kisichozidi asilimia 25. Hiyo ni dola 1,075 akiwa kwenye kipato kikubwa, na kama 516 akiwa kwenye daraja la kodi ya mapato la asilimia 12.

Sasa tazama alichookoa. Punguzo la ofisi hupunguza kodi ya mapato na pia kodi ya kujiajiri, ile ya asilimia 15.3 inayotozwa kwenye asilimia 92.35 ya faida. Kwenye 4,300 hizo, kodi ya kujiajiri pekee aliyookoa ni kama dola 607, na kodi hiyo hairudi siku ya kuuza. Yule wa daraja la asilimia 12 ameshapita 516 kabla hatujahesabu kodi ya mapato aliyookoa kila mwaka. Na pesa hizo alikuwa nazo mkononi miaka yote hiyo.

Tahadhari ya kweli ipo, ila si hiyo inayosambazwa. Ofisi ikiwa jengo la pembeni, gereji iliyosimama peke yake kwa mfano, faida ya jengo hilo inatenganishwa na ya nyumba na inaweza isipate msamaha. Mwenye jengo la namna hiyo apige hesabu na mtaalamu kabla ya kudai.

"Basi nisipodai, sitadaiwa"

Sheria inashusha thamani ya nyumba vitabuni kwa uchakavu uliodai au uliostahili kuudai, hata kama uliuacha. Kwa makazi yako mwenyewe kuna afueni: ukionyesha kwa kumbukumbu zinazotosha kwamba uliodai ni mdogo kuliko uliostahili, kiasi kinachonyimwa msamaha kinaishia kwenye kile ulichodai. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako. Anayeacha punguzo kwa hofu, asitunze karatasi yoyote, anaweza kujikuta hana punguzo na hana utetezi.

"Njia rahisi ni bora siku zote"

Tangu mwaka wa kodi wa 2013 unaweza kudai dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300, yaani dola 1,500. Kwa mwaka huo uchakavu unahesabiwa sifuri, hivyo hakuna cha kutozwa baadaye kwa ajili yake. Kwa mkalimani wetu ni dola 750. Kwa njia ya gharama halisi, tuseme riba ya mkopo, kodi ya majengo, bima na umeme jumla ni 21,000: asilimia 10 ni 2,100, ongeza uchakavu 667, zinakuwa 2,767. Mwenye chumba kidogo na nyumba ya gharama ndogo huenda njia rahisi ikamfaa, na unaruhusiwa kubadilisha njia mwaka hadi mwaka. Nawasihi mpige zote mbili kabla ya kuchagua.

Njia zote mbili haziwezi kuifanya biashara iingie hasara kwa ajili ya ofisi. Kwenye gharama halisi, kinachobaki kinahamia mwaka unaofuata. Kwenye njia rahisi kinapotea.

"Miaka iliyopita imeshapita"

Uliyesahau uchakavu mwaka mmoja tu unaweza kurekebisha ritani (fomu ya kodi ya mwaka) kwa Fomu 1040-X, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu tangu uijaze. Ukiwa umeuruka miaka miwili au zaidi mfululizo, hutumii 1040-X. Unajaza Fomu 3115 ya kubadilisha utaratibu wa kihesabu, na uchakavu wote ulioachwa unaingia kwenye mwaka wa sasa kwa mkupuo. Si fomu ya kujaza usiku mmoja, na si kila mtayarishaji wa kodi wa mtaani anaifahamu. Kabla hujamlipa, muulize kama amewahi kuijaza.