Data ikivuja, uliza kwanza ni ipi

Mwezi uliopita, pale Wandegeya jijini Kampala, niliuziwa rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) iliyofungwa kwa karatasi ambayo, nilipoikunjua, ilikuwa fomu ya mkopo yenye nakala ya kitambulisho cha taifa: picha, saini na NIN (namba ya utambulisho wa taifa) ya mwanamke nisiyemjua. Mimi kazi yangu ni usalama wa data, na wanaoniuliza kuhusu uvujaji huwaza wadukuzi tu; kikaratasi kile chenye mafuta nacho ni uvujaji, tena wa aina mbaya.

Mimi hupima madhara kwa swali moja: kilichotoka kinaweza kubadilishwa? Nenosiri likiibwa, kama yalivyoibwa mamilioni ya LinkedIn mwaka 2012, unaweka jipya na hasara inakoma, ila kama lile lile ndilo linalofungua barua pepe yako (na wengi wetu ndivyo tulivyo). NIN haibadilishwi hivyo. Ina herufi na tarakimu 14, zikianza na CM kwa raia mwanamume au CF kwa mwanamke, kisha tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa, na kwa kuwa laini za simu husajiliwa kwayo, na laini ndiyo pochi yetu, tapeli aliye na NIN yako hukupigia akijiita mhudumu wa kampuni ya simu, akakusomea taarifa zako mwenyewe mpaka ukamwamini na kumtajia namba ya siri.

Alama za vidole za watu milioni 5.6, wakiwemo watumishi wa serikali, ziliibwa Marekani, tukio lililotangazwa mwaka 2015; hakuna atakayewapa vidole vingine.

Lakini kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni siri za matibabu. Mwaka 2020 wagonjwa wa kituo cha tiba ya akili cha Vastaamo, Ufini, walitumiwa mmoja mmoja madai ya euro 200, zinazopanda hadi 500, la sivyo mazungumzo yao na mtabibu yangeanikwa. Hapo hakuna cha kubadilisha, wala kulipa hakurudishi siri.

Sheria yetu ya Uganda ya kulinda data, ya mwaka 2019, inamtaka mtunza data iliyovuja aiarifu mamlaka husika mara moja, kisha mamlaka ndiyo iamue kama mwenye data naye aambiwe. Mwanamke wa ile fomu sikumpigia, ingawa namba yake ilikuwapo: mgeni anayekusomea NIN yako kwenye simu ndiye ninayewafundisha watu kumkatia.